Kompyuta ya Nyumbani Iwekwe Mfumo Gani?

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuja. Naona wengine mmekuja na kompyuta mpakato zenu, na mmefanya vizuri, ingawa leo sitasakinisha kitu. Nimeombwa nizungumzie swali moja tu: kompyuta ya nyumbani iwekwe mfumo endeshi gani, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta yenyewe? Windows ya Microsoft, macOS ya Apple, Linux, au ChromeOS ya Google?

Watu wengi huuliza "upi ni bora?" Hapo ndipo ushabiki unapoanza, na mashabiki wa mifumo endeshi ni kama mashabiki wa mpira: hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mimi nawaomba muanze na kazi zenu. Kaa chini, andika unachofanya na kompyuta kwa wiki nzima. Barua pepe, benki, video, masomo ya watoto, barua mbili tatu za kuandika. Karibu vyote hivyo siku hizi hufanyika ndani ya kivinjari, na Chrome au Firefox hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Kama orodha yako inaishia hapo, una uhuru mkubwa kuliko unavyodhani.

Wanaobanwa ni wale wenye programu isiyo na mbadala. Mhasibu ambaye programu yake iliandikwa kwa ajili ya Windows peke yake, abaki Windows, asijitese. Photoshop ya kuhariri picha hutolewa kwa Windows na macOS, si kwa Linux. Final Cut Pro ya kuhariri video ni ya Apple tu. Kuhusu michezo ya kompyuta, mambo yamebadilika sana tangu kampuni ya Valve ilipotoa Proton mwaka 2018, programu ya kuendeshea michezo ya Windows ndani ya Linux: michezo mingi ya Windows sasa huchezeka kwenye Linux. Lakini baadhi ya ile ya kushindana mtandaoni hukataa, kwa sababu programu zake za kuzuia udanganyifu haziikubali Linux. Kwa hiyo kama kuna kijana nyumbani, muulize anacheza nini kabla hujagusa chochote. Ugomvi wa namna hiyo hauna msuluhishi.

Baada ya orodha, uliza mfumo huo utapata masasisho ya usalama mpaka lini. Hili ndilo linalosahaulika, na ndilo lililotuleta wengi wetu hapa. Windows 10 ilitoka Julai 2015, na Microsoft ikaacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo, ndiyo maana watu wanaona hakuna neno. Neno lipo: matundu ya usalama huendelea kugunduliwa, na fundi wa kuyaziba ameshaondoka. Mnakumbuka WannaCry, Mei 2017? Virusi vile vilifunga faili za watu na kudai fidia, vikakwamisha hata hospitali za Uingereza. Kiraka cha kuziba tundu lile Microsoft ilikuwa imekitoa Machi, miezi miwili nyuma. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka.

Sasa, kuhamia Windows 11 si kila mashine inakubaliwa. Inataka TPM 2.0, yaani sehemu maalumu ya kutunza funguo za siri, pamoja na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya miaka ya karibuni; kwa zile za kampuni ya Intel, kwa jumla ni kizazi cha nane kwenda juu. Mashine nzima kabisa, yenye nguvu ya kutosha, inaambiwa imezeeka. Kwa maoni yangu huo ni ubadhirifu, lakini ndiyo hali.

macOS sitakaa nayo sana, kwa sababu huichagui: unanunua kompyuta ya Apple, nayo inakuja humo humo. Tahadhari moja tu kwa wanunuzi wa mtumba. Apple ilianza kuachana na prosesa za Intel mwaka 2020, na macOS 26 ndiyo ya mwisho kuzikubali. Ukiuziwa Mac ya Intel kwa bei ya kuchekesha, ujue sababu.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi huko Helsinki. Alichoandika ni kiini, sehemu ya ndani kabisa inayoongoza vifaa vya kompyuta. Mifumo kamili iliyojengwa juu yake ni mingi, kama Debian, Fedora, Ubuntu na Linux Mint. Wingi huo huwachanganya wageni. Mtu anayetoka Windows mimi humwelekeza Mint, maana menyu ataikuta pale alipoizoea. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, na huhudumiwa bure kwa miaka mitano.

Uzuri wa Linux ni kwamba unaweza kuionja kabla ya kuiweka. Unaiandika kwenye flashi, unawasha kompyuta kupitia flashi hiyo, na diski yako haiguswi. Itakwenda polepole kidogo, usiihukumu kwa hilo. Pima vifaa: je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Printa inachapisha? Funika mashine ilale, kisha uifunue, inaamka? Fungua nyaraka zako kwa LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi. Barua za kawaida zitafunguka vizuri, lakini yenye majedwali mengi inaweza kuvurugika mpangilio. Na jambo la kibinadamu: ikikwama usiku, nani atakusaidia? Kama shemeji yako anayekutengenezea anajua Windows tu, hiyo ni hoja ya kubaki Windows, tena nzito.

Nimeona mkono. Mama anauliza kama anaweza kuweka mifumo yote miwili kwenye mashine moja. Inawezekana, mama. Windows itangulie, Linux ifuate, na kila ukiwasha unachagua. Ila kabla ya kugawa diski, nakili faili zako zote kwenye diski ya nje. Halafu angalia kama Windows imefunga diski kwa BitLocker, kufuli lake la siri linalozuia wengine kusoma faili zako. Kompyuta nyingi mpya huja hivyo bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha mambo ya kuwashia, inaweza kukudai ufunguo wa kurejesha, tarakimu 48. Mara nyingi huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, uuandike kwenye karatasi, ndipo uendelee.