Nani Atakopesha Bomba Linalovuja? Mazungumzo kuhusu Uwekezaji katika Maji na Majitaka

MWANAIDI: Karibuni wasikilizaji. Leo mimi na mwenzangu Baraka tunazungumzia maji, majitaka, na swali linalozikabili nchi nyingi zinazoendelea: fedha za kujenga na kutunza huduma hizi zitatoka wapi, na mwenye mtaji atashawishika vipi kuziweka huku badala ya kuzipeleka kwenye majengo au biashara ya mafuta? Kaka Baraka, tuanze na ukubwa wa tatizo.

BARAKA: Asante, Dada Mwanaidi. Takwimu za pamoja za Shirika la Afya Duniani na UNICEF zinaonyesha kwamba mwaka 2022 watu bilioni 2.2 hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa yaliyo salama na ya uhakika, na watu bilioni 3.5 hawakuwa na huduma ya usafi wa mazingira ya kiwango hicho. Ningependa tuitazame tofauti ya namba hizo mbili, kwa sababu choo kimeachwa nyuma mno, na huko tutafika baadaye leo. Hata hivyo, niseme kwanza msimamo wangu: nchi nyingi hutafuta mwekezaji wa mtambo mpya, ilhali fursa iliyo karibu zaidi imo ndani ya mabomba yaliyokwisha kufukiwa.

MWANAIDI: Unazungumzia maji yanayopotea.

BARAKA: Ndiyo, maji ambayo yametiwa dawa na kusukumwa kwa umeme, lakini hayaingizi chochote kwa sababu yamevuja, yameibwa, au yamepita kwenye dira mbovu ya kupimia matumizi. Mwaka 2006 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea meta za ujazo zipatazo milioni 45 huvuja kila siku, kiasi ambacho kingewatosha watu karibu milioni 200. Mamlaka inayopoteza nusu ya maji yake ikikopa kujenga mtambo mwingine, itapoteza nusu ya maji ya mtambo huo vilevile, na mkopo itaulipa wote.

MWANAIDI: Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Hapa ni lazima tuseme mchukuzi ni nani, maana upotevu una watu unaowafaa: anayeuza madumu katika mitaa isiyofikiwa na bomba, mtumishi anayepewa kitu ili asiisome dira ipasavyo, na mkubwa aliyejiunganishia maji bila dira. Ndiyo maana sikubali suala hili liachiwe mafundi peke yao.

BARAKA: Mfano ulio wazi zaidi ni Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Mwaka 1993, Ek Sonn Chan alipokabidhiwa mamlaka ya maji ya mji huo, asilimia 72 ya maji hayakuwa yakilipiwa na huduma ilipatikana kwa saa chache tu za siku. Alisafisha orodha ya wateja, akafunga dira, akaadhibu wizi uliofanywa na watumishi wenyewe, na aliposisitiza kwamba wanajeshi na maofisa wa serikali walipe kama raia wengine, jenerali mmoja alimwelekezea silaha. Hakurudi nyuma. Kabla ya mwaka 2010 upotevu ulikuwa umeshuka hadi chini ya asilimia 7, maji yakitoka saa 24, na mwezi Aprili 2012 mamlaka hiyo ikawa kampuni ya kwanza kuorodheshwa kwenye soko la hisa la Kambodia.

MWANAIDI: Lakini walisaidiwa na wafadhili.

BARAKA: Walisaidiwa, tena sana, na Japani, Ufaransa na benki za maendeleo. Hata hivyo, miji mingi imepokea misaada bila kupata matokeo hayo. Phnom Penh ilipandisha bei kwa hatua huku huduma ikionekana kuimarika, na familia maskini zikapunguziwa gharama ya kuunganishiwa bomba. Mpangilio huo ndio ninaoutetea, kwamba mteja aone maji kwanza, kisha aombwe kulipa zaidi.

MWANAIDI: Mpangilio ukigeuzwa, watu huingia barabarani. Mwaka 1999 serikali ya Bolivia ilikabidhi maji ya mji wa Cochabamba kwa kampuni iliyoongozwa na wawekezaji wa nje, bei zikapanda mapema mwaka uliofuata ili kugharimia, pamoja na mengine, mradi wa bwawa ambao ulikuwa bado haujaleta hata tone, na kufikia Aprili 2000 mkataba ulikuwa umevunjwa baada ya maandamano makubwa. Dar es Salaam nayo iliingia mkataba wa miaka 10 na kampuni ya City Water mwaka 2003, na serikali ikauvunja Mei 2005. Mwananchi akishuhudia hayo, kwake neno uwekezaji huwa na maana ya ankara kubwa.

BARAKA: Na hofu hiyo ni halali. Hata hivyo, kuna njia nyingine ambayo haihitaji kumkabidhi mgeni funguo za huduma. Mamlaka ya Maji Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za mkopo ambao fedha zake ni za miradi inayotunza mazingira, mwaka 2024, ikilenga shilingi bilioni 53.12 kwa muda wa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, na wanunuzi walizidi kiasi kilichoombwa. Fedha hizo ni za kupanua uzalishaji na mtandao wa mabomba, na hatifungani yenyewe imeorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam.

MWANAIDI: Kuna msikilizaji atakayesema kwamba asilimia 13.5 ni ghali, wakati mkopo wa dola kutoka nje ungepatikana kwa riba ndogo zaidi.

BARAKA: Nimjibu kwa urefu kidogo. Mamlaka ya maji hukusanya shilingi, haikusanyi dola. Ikikopa kwa dola na thamani ya shilingi ikashuka, deni hukua bila kuongezeka hata mteja mmoja, na wa kulipia tofauti hiyo ni mteja wa maji au mlipa kodi. Deni la shilingi lina riba inayojulikana tangu siku ya kwanza. Zaidi ya hapo, mifuko ya pensheni na kampuni za bima za ndani zina fedha zinazotafuta mahali pa kukaa miaka 10 au 15, na bomba hudumu muda mrefu kuliko hapo. Kwa mawazo yangu, akiba za wafanyakazi wa nchi ndizo mtaji unaolingana vizuri zaidi na kazi hii. Sharti ni hesabu zilizokaguliwa, kwa sababu mnunuzi wa hatifungani hulipwa kutokana na mapato ya ankara.

MWANAIDI: Sasa twende kwenye majitaka. Katika miji mingi ya Afrika mtandao wa mabomba ya majitaka huhudumia sehemu ndogo tu ya wakazi, na waliobaki wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Karo likijaa, kwenye mtaa ambao gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya, mwenye nyumba huita vijana wachimbe shimo jingine pembeni, au husubiri mvua kubwa ili akitapishe choo. Tope hilo huingia kwenye mifereji na visima vifupi, kisha kipindupindu kikizuka tunashangaa kilikotoka.

BARAKA: Mwenye gari naye ana hesabu zake. Analipwa kwa safari, na gharama yake kubwa ni mafuta. Ikiwa mtambo wa kusafisha tope uko mbali, upande wa pili wa foleni, kila safari inamla, na kishawishi cha kumwaga mtoni kinakua. Kwa hiyo fedha ya umma ikijenga vituo kadhaa vidogo vya kupokelea tope karibu na makazi, wenye magari wenyewe wataongeza magari. Ni mgawanyo wa kazi unaoeleweka: mtambo hauleti faida ya haraka na unahitaji serikali, gari linaleta faida na halihitaji serikali.

MWANAIDI: Na wale wanaotengeneza bidhaa? Naivasha, nchini Kenya, kampuni ya Sanivation imetengeneza makaa kutokana na tope la vyoo, na huko Mukuru, Nairobi, taka za vyoo vya Fresh Life zimegeuzwa mbolea na chakula cha mifugo.

BARAKA: Ninazithamini sana kazi hizo, ila napinga wanaoahidi kwamba mbolea itagharimia kila kitu. Mauzo hupunguza gharama, lakini kuondoa kinyesi kwenye mtaa wa maskini ni huduma ya afya ya umma, na sehemu yake lazima ilipwe na umma kama tunavyolipia chanjo. Pale ambapo biashara inasimama yenyewe ni kwenye majitaka ya mabomba karibu na viwanda. Tangu mwaka 2001, chini ya mkataba wa miaka 20 na kampuni binafsi, jiji la Durban lilianza kusafisha tena majitaka, mtambo ukiwa na uwezo wa lita zipatazo milioni 47 kwa siku, na kuyauza kwa kiwanda cha karatasi na kiwanda cha kusafisha mafuta. Viwanda vikapata maji ya bei nafuu, na maji ya kunywa yaliyokuwa yakienda huko yakabaki kwa ajili ya wakazi.

MWANAIDI: Mtu akitaka kujua mamlaka ya mji wake inakopesheka, aangalie wapi?

BARAKA: Aanze na ripoti za mdhibiti, yaani chombo kinachosimamia mamlaka za maji nchini. EWURA ya Tanzania na NWASCO ya Zambia huchapisha kila mwaka ulinganisho wa mamlaka: maji yasiyolipiwa, saa za huduma, makusanyo ya ankara. Mamlaka ikiwa mkiani miaka mitatu mfululizo, dhamana ya serikali haitaiponya, itahamisha tu hasara yake kwenda Hazina.

MWANAIDI: Mimi ningeomba wadhibiti wote wahesabu pia safari za magari ya majitaka katika kila mji kwa mwezi, waonyeshe ngapi zimefika mtamboni, na mwenye leseni ambaye safari zake hazionekani aulizwe tope amelipeleka wapi.