Farasi wa mwisho wa Madrid

Haya ndugu zangu, wa nyuma sogeeni mbele, leo naongelea filamu moja tu, El último caballo, yaani Farasi wa Mwisho, ya Edgar Neville, Hispania, 1950.

Stori iko hivi. Fernando, anayeigizwa na Fernando Fernán Gómez, anamaliza jeshi kikosi cha farasi, na kikosi ndo kinaletewa magari kwa hiyo farasi wanauzwa, na wanaonunua ni watu wa michezo ya fahali, maana yake farasi akapandwe na picador, yule mpanda farasi anayemchoma fahali mkuki, akapigwe pembe huko uwanjani. Fernando roho inamuuma, anachukua hela alizodunduliza za harusi anamnunua farasi wake Bucéfalo, anaingia naye Madrid. Sasa kasheshe: atamlaza wapi? Mazizi yameshakuwa gereji! Jamaa anahangaika na farasi mzima katikati ya magari, kazi ya ofisini inamsubiri na mchumba hataki hata kusikia.

Anaobaki nao ni Simón wa zimamoto na Isabel muuza maua, huyu ni Conchita Montes, jamani huyu dada anaigiza vizuri sana. Kuna sehemu wanalewa wote watatu wanaanza kuyalaani malori kwa sauti, utacheka, ila sikilizeni vizuri wanachokisema pale, ni uchungu wa kweli ule.

Na angalieni mwaka. 1950 ndo kampuni ya magari ya SEAT inaanzishwa, kale kagari kao ka 600 ambako watu wa kawaida walikuja kukamudu kalitoka 1957, na chakula kilikuwa bado cha mgao mpaka 1952. Yaani mtu wa kawaida Madrid gari hana, mkate anapimiwa, na farasi wake ameshakosa pa kulala! Hilo ndo linaniuma kwenye hii filamu, kwamba cha zamani kinaondolewa kabla kipya hakijamfikia mwenye shida.

Wapo wanaosema Neville alikuwa mtu wa kulilia mambo ya kale tu. Mimi nakataa kabisa. Huyu alikuwa mwanadiplomasia, amefanya kazi Hollywood, rafiki wa Charlie Chaplin, mashine angeziogopea wapi? Na Fernando wake akiwa hajalewa haombi malori yaondolewe, muda wote anachotafuta ni zizi moja tu, kwenye mji mzima ule.