Bielefeld haipo, na Kigoma je?

Haya jamani, wa nyuma sogeeni, feni imekufa na mimi sina sauti ya kushindana na bodaboda za hapo nje.

Kuna mji Ujerumani unaitwa Bielefeld, una watu zaidi ya laki tatu, na Wajerumani wenyewe wanasema haupo. Ni utani wa 1994, mwanafunzi mmoja, Achim Held, kaandika kwenye intaneti kwamba mji huo wa kubuni, na ukibisha unaulizwa maswali matatu: unamjua mtu wa Bielefeld? umewahi kufika? unamjua aliyefika? Ukijibu hapana umekwisha, ukijibu ndiyo basi na wewe uko kwenye njama. Unachomokaje hapo? Mpaka 2019 manispaa yao ikatangaza euro milioni moja kwa atakayethibitisha kwamba haupo, watu wakajaribu weee, hakuna aliyezilamba.

Mnacheka. Mimi siku ya kwanza hosteli Dar jamaa kaniuliza, "Kigoma? kule si Kongo?" Nikamwambia hao dagaa unaokula wametoka wapi, akasema sokoni. Sokoni! Ushahidi yuko nao mdomoni anautafuna.

Na hili ziwa letu, Tanganyika, yalilikuta hayohayo. Wamisionari Erhardt na Rebmann walikuwa huko pwani, wanasikiliza watu wa misafara, huyu anasema Nyasa kuna maji makubwa, huyu Ujiji, huyu kule kaskazini, wote wakweli, wao wakayaunganisha wakachora kwenye ramani ziwa moja, dude refu kama konokono aliyevuliwa gamba, likafika London 1856 watu wakalijadili kabisa. 1857 wapelelezi Waingereza, Burton na Speke, wamefika Kazeh, hapo Tabora, Mwarabu mmoja mfanyabiashara, Snay bin Amir, akawaambia wazi, hayo ni maziwa matatu mbalimbali. Basi wakaja Ujiji Februari 1858, na Speke, maskini, macho yanamuuma, katembea miezi yote ile kufika ziwani anaona ukungu tu.

Maswali? Ndiyo mzee.

Kama nimefika Bielefeld? Hapana mzee, sijafika. Ujerumani ipo, hilo sina wasiwasi, meli yetu ya Liemba si imeundwa kule, Papenburg, 1913, ikaja kwa makasha vipande vipande. Ila Bielefeld... ngoja kwanza, humu ndani nani anamjua mtu wa Bielefeld? Mikono juu basi. Hata mmoja?