Siku sifuri: uloto unavyopandikizwa bila kisu

SISTA: Karibuni tena. Leo ni upandikizaji wa uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na tunabaki kwenye aina moja tu: mgonjwa wa maieloma, saratani inayokaa kwenye uloto, anayerudishiwa seli zake mwenyewe. Ndiyo aina ambayo Hospitali ya Muhimbili walianza nayo mwishoni mwa 2021. Dokta, ndugu bado wanauliza chumba cha upasuaji kiko wapi.

DOKTA: Hakipo. Seli zinaingia kwa mshipa kama mtu anavyoongezewa damu. Jina lenyewe linapotosha watu. Kinachoua saratani ni dawa ya melfalani, miligramu 200 kwa kila mita ya mraba ya mwili, au 140 kama figo zimeshachoka. Dozi hiyo inaua saratani na uloto wote pamoja nayo. Seli zinakuja kumwokoa mgonjwa kutokana na dawa hiyo.

SISTA: Kwa hiyo zivunwe kabla.

DOKTA: Kabla, na saratani iwe imeshashushwa kwa mizunguko kadhaa ya dawa za kawaida. Halafu sindano za filgrastimu, mikrogramu 10 kwa kilo, siku nne mfululizo. Zinafanya seli shina, zile zinazozaa chembe zote za damu, zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu. Siku ya tano mashine ya kuzivuna.

SISTA: Hapo katikati atalalamika kiuno, nyonga, kifua. Anadhani ugonjwa umerudi, kumbe ni uloto unachapa kazi. Mpe parasetamoli. Diklofenaki marufuku, figo za maieloma haziiwezi. Na ndiyo hiyo hiyo ndugu wanamletea mfukoni wakija kumwona!

DOKTA: Haya, yuko kwenye mashine, masaa manne au matano. Damu inatoka njia moja ya katheta, mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa, inazungushwa kwa kasi, seli zinatengwa, nyingine inarudi njia ya pili.

SISTA: Mimi hapo macho yangu yako mdomoni kwake. Ile sitreti inayozuia damu isigande ndani ya mipira inakamata kalsiamu. Ganzi inaanza pembeni mwa midomo, inashuka ncha za vidole. Akisema mapema, unapunguza kasi, unampa kalsiamu, yameisha. Akinyamaza, vidole vinakakamaa, na mapigo ya moyo nayo yanaweza kuvurugika. Wazee wetu wanaona aibu kusumbua, basi usingoje aseme. Kila robo saa: "Baba, midomo inasemaje?"

DOKTA: Jioni maabara inahesabu. Chini ya seli shina milioni 2 kwa kila kilo ya mgonjwa hatuendelei. Tunapenda 4 au 5. Mgonjwa wa kilo 60, kiwango cha chini ni milioni 120. Aliyetumia lenalidomidi, moja ya dawa za maieloma, muda mrefu mara nyingi hafikishi siku ya kwanza, analala na katheta, anarudi kesho. Na hapa nasisitiza: melfalani haitundikwi mpaka jibu la hesabu liwe mkononi. Ukishaua uloto, huna pa kurudi.

SISTA: Wanaosikiliza watauliza tangi la naitrojeni la kugandishia seli.

DOKTA: Kwa maieloma unaweza usilihitaji. Melfalani inatoka mwilini haraka, masaa 24 baadaye seli zinarudishwa salama. Kwa hiyo mfuko unakaa kwenye jokofu la benki ya damu, nyuzi 4, usizidi masaa 72. Vuna Jumatatu, Jumanne ikibidi, melfalani Jumatano alfajiri, seli Alhamisi asubuhi. Ni nafuu, lakini ratiba haina huruma. Mgonjwa akipata homa Jumanne usiku, saa ya mfuko inaendelea kuhesabu. Ndiyo maana sipendi kuona mtu anavuna Alhamisi na wikiendi iko mbele.

SISTA: Wakati melfalani inaingia, barafu mdomoni. Aanze kama nusu saa kabla, aendelee mpaka dripu iishe na baada yake. Mishipa ya kinywa inasinyaa, dawa inafika kidogo, vidonda vinapungua. Barafu ya maji yaliyochemshwa, tafadhali, si zile za ubuyu za getini.

DOKTA: Siku seli zinaporudi ndiyo siku sifuri. Hesabu inaanza hapo. Kuanzia kama siku ya tano chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, zinakuwa karibu hakuna.

SISTA: Na hapa wauguzi wapya wanadanganyika. Wanaangalia katheta, hawaoni usaha, wanaandika "pasafi". Usaha unatengenezwa na chembe nyeupe, na huyu hana! Wekundu mdogo tu, au maumivu ukibonyeza, ni habari.

DOKTA: Homa ya 38.3 mara moja, au 38 ikikaa saa nzima, chukua damu ya kuotesha vijidudu kutoka kwenye katheta na kwenye mkono, kisha antibiotiki ndani ya saa moja. Jibu la maabara litakukuta njiani.

SISTA: Chembe sahani, zile zinazogandisha damu?

DOKTA: Zikishuka chini ya 10,000 kwa mikrolita ya damu anaongezewa, hata kama havuji damu popote. Zipigwe mionzi kwanza, kipimo cha grei 25, la sivyo limfosaiti, aina ya chembe nyeupe, za mchangiaji zitaota ndani ya mgonjwa na kumshambulia.

SISTA: Ndugu, hili lenu. Chembe sahani hazikai kwenye friji. Zinatikiswa kwenye nyuzi 20 hadi 24, na siku tano ndiyo mwisho wake. Mkija kumi kuchangia siku ya kulazwa, mtakuwa mmemwaga. Jipangeni wawili wawili, kuanzia siku ya nne mpaka ya kumi na nne.

DOKTA: Kwa kawaida kati ya siku ya 10 na 14 neutrofili, aina kuu ya chembe nyeupe, zinavuka 500 kwa mikrolita. Zikikaa hapo siku tatu mfululizo, tunasema zimeshika.

SISTA: Anarudi nyumbani na asaiklovia, dawa ya kuzuia virusi, ya mwaka mzima, kwa ajili ya mkanda wa jeshi. Chanjo zake za utotoni zinaweza kuwa zimefutika, anaanza upya kuanzia mwezi wa sita. Ya surua isubiri miaka miwili, kwa sababu hiyo ina virusi hai.