Kusuka na Kusokota: Hatamu za Farasi wa Moja kwa Tisa

Mabibi na mabwana,

Nianze na vitenzi viwili ambavyo Kiswahili hakivichanganyi. Ukili husukwa, lakini kamba ya usumba husokotwa. Anayesuka hupitisha uzi juu ya mwenzake na chini ya mwingine. Anayesokota huzungusha nyuzi upande mmoja, kisha huziunganisha kwa kuzizungusha upande wa pili ili zishikane zenyewe. Katika kazi niliyokuja kuieleza leo, yaani kutengeneza mapambo na vifaa vya farasi wa sanamu, makosa mengi ninayoyaona huanzia hapo.

Farasi hao, ambao kampuni ya Breyer ya Chicago iliwaanza mwaka 1950 kwa farasi mmoja wa kupamba saa ya mezani, hupimwa zaidi kwa uwiano wa 1:9. Wengi huwavisha vifaa vya wachunga ng'ombe wapanda farasi wa California, ambao hawamvishi lijamu farasi anayeanza kufunzwa, bali humvika bosali, yaani kitanzi cha ngozi mbichi iliyosukwa kuzunguka kiini, kinachokaa juu ya pua na kufungwa kwa fundo nene chini ya kidevu. Waspania huita ugwe wa kichwani jáquima, neno walilolipata kwa Waarabu, kama sisi tulivyopata kwao hatamu na lijamu. Juu ya fundo hilo hufungwa mekate, kamba ya singa za farasi yenye urefu wa takriban mita 6.7, ambayo kipande kimoja hutoa hatamu na pia kamba ya kumwongozea mnyama. Bosali husukwa; mekate husokotwa. Mtu akisuka mekate, hata kama mkono wake ni mwepesi kiasi gani, amekosea kamba.

Urefu haututaabishi: gawanya mita 6.7 kwa tisa, upate kama sentimita 74. Taabu iko kwenye unene. Bosali ya milimita 16 inakuwa milimita 1.8 tu. Ngozi halisi hukatwa kuwa ukanda mwembamba ulio bapa, ilhali uzi wetu ni wa mviringo, na kila zinapopandana nyuzi mbili unene huongezeka pande zote. Uzi wa milimita 0.3 hula milimita 1.2 za kipenyo, hivyo kiini kinabakiwa na 0.6. Kwa sababu hiyo mimi hutumia nyuzi nane hata pale bosali halisi inapokuwa na kumi na sita, na kiini changu ni waya laini wa shaba. Wapo watakaosema huo ni udanganyifu. Mimi naona jicho husoma mpangilio wa msuko kabla ya kuhesabu nyuzi.

Waya una kazi nyingine pia: kushikilia umbo. Kamba ikipunguzwa mara tisa kwa kila upande, uzito wake hupungua mara 729, lakini ukakamavu wake haupungui kwa kadiri hiyo, ndiyo maana hatamu ndogo hukaa hewani kama kijiti badala ya kulala shingoni. Mekate, ambayo haina waya, huloweshwa na kukaushwa ikiwa imelazwa juu ya farasi mwenyewe. Kwa hiyo isokoteni kwa pamba, si kwa nailoni, ambayo maji huibadilisha kidogo tu.

Anayeanza aanze na nyuzi nne zilizopakwa nta, za aina wanayotumia washona viatu, na kila uzi uwe angalau mara moja na nusu ya urefu unaotakiwa. Uzi wa kulia kabisa hupitishwa nyuma ya nyuzi mbili za kati, kisha hurudishwa mbele ya ule mmoja uliokutana nao mwishoni. Halafu wa kushoto hufanya vivyo hivyo. Mvuto uwe mmoja kuanzia mwanzo. Mkono ukilegea katikati, msuko hunenepa hapo, na katika kipimo hiki nywele moja ya tofauti huonekana.

Naomba taa isogezwe mezani, tufunge sasa fundo la kidevuni.