Ng'onda mkononi mwa mtoto: kurudia kusoma vitabu vya Pullman

Haya, asanteni, naona viti vya mbele vimebaki vitupu kama kawaida yetu, sogeeni basi, mi siumi mtu.

Niliambiwa nije na kitabu nilichokisoma zaidi ya mara moja, nimekuja na vitatu, mtanisamehe. His Dark Materials ya Philip Pullman, yule Mwingereza, cha kwanza 1995, cha pili 1997, cha mwisho 2000. Kwa wasiovijua, kuna binti anaitwa Lyra, kakulia chuoni Oxford, ila Oxford ya dunia nyingine, huko kila mtu roho yake inatembea nje ya mwili ikiwa mnyama na wanapiga nayo stori. Pullman anaiita daemon. Kuitafsiri nimeshindwa, nikisema pepo nusu yenu mtaondoka, nikisema jini inaondoka nusu iliyobaki. Tuiite mwenza.

Dunia hiyo kanisa ndo serikali. Na watu wa kanisa wanaiba watoto, wanawapeleka kaskazini kwenye barafu, wanawatenganisha na wenza wao kwa mashine, kisa Vumbi, chembechembe fulani zisizoonekana kwa macho. Mtu akibalehe Vumbi linaanza kumwandama, wao wakaamua hiyo ndo dhambi ya asili, jina wamelitoa Mwanzo 3, pale "u mavumbi wewe". Kwa hiyo wazo lao ni umkate mtoto mapema kabla halijamfikia.

Mara ya kwanza nilikuwa na miaka 19, mama yangu mwanakwaya, nikakivalisha gazeti asione jalada. Nilichokiona kilikuwa kimoja tu, Mungu anauawa, na vile nilivyokuwa na hasira na kanisa nikashangilia kama goli la dakika ya 90.

Juzijuzi nimerudia, na sikufika hata huko kwenye Mungu, nilikwama kitabu cha kwanza. Lyra kapanda mgongo wa dubu usiku, anafika kijiji fulani, kwenye banda la kukaushia samaki anamkuta mtoto, Tony Makarios, ameshakatwa. Kakumbatia ng'onda kifuani, kaibana kwa mikono yote miwili ndo mwenza wake sasa hiyo, anauliza Ratter wangu yuko wapi, Ratter ndo yule mwenza aliyekatwa naye. Hakukucha akafa. Lyra kuamka anakuta mtu kamtupia mbwa ile ng'onda, na anawawakia watu wazima balaa, maana mtoto hakuwa na kingine duniani. Halafu anaomba sarafu ya dhahabu, anakwaruza jina la Ratter kwa kisu, anamwekea marehemu mdomoni, kama alivyoona wanavyozikwa wasomi wa chuo chake.

Jamani hayo si mazishi? Binti ambaye hadithi nzima inamwandaa aje kuangusha kanisa, anaongoza ibada ya maziko.

Hapo ndo nina ugomvi na Pullman, sikumbuki padri hata mmoja mwenye utu kwenye vitabu vyote vitatu. Mi nimekua na katekista mtaani kwetu, msiba ukitokea anafika kabla ya ndugu, anauliza maji yapo, turubai lipo, marehemu aliitwa nani kwa jina la nyumbani. Mtu kama huyo Pullman hana, au anaye ila kamvalisha sura ya Lyra. Cha tatu pia kina mahubiri mengi, malaika wanaeleza weeee mpaka unasinzia, halafu anatokea Mary Malone aliyekuwa sista, anasimulia jinsi ladha ya marzipani, ile peremende ya lozi, ilivyomkumbusha kijana aliyempenda zamani, basi utawa ukaishia pale, na hiyo kurasa chache inashinda malaika wote.

Na huyo Mungu mwenyewe, kwanza siyo muumba, ni malaika wa kwanza aliyewadanganya wenzake. Kazeeka mpaka akili imeruka, kafungiwa kwenye kisanduku cha kioo, analia. Lyra na Will, mvulana wa dunia yetu hii anayesafiri naye, wanamfungulia ili wamsaidie, yaani wanamshika mkono kama unavyomshusha bibi kwenye daladala, upepo unampiga anayeyuka, na anaondoka kapumua. Miaka 19 yangu ilishangilia nini hapo sijui.

Rowan Williams, askofu mkuu wa Canterbury wakati huo, 2004 alikaa jukwaani na Pullman wakaongea kiungwana kabisa. Filamu ya 2007 yenyewe ikaogopa, kanisa likalainishwa, na haikuendelea.

Mwisho Lyra na Will wanaachana, kila mtu dunia yake, wanaahidiana kila mwaka, siku ileile katikati ya kiangazi, saa sita mchana, wakae benchi moja kwenye bustani ya mimea ya Oxford, kila mmoja upande wake. Benchi lipo kweli, wasomaji wanaenda kukaa, wamechonga mpaka majina ya Lyra na Will kwenye mbao.

Haya, maswali. Dada wa nyuma pale, mpeni maiki.