Kipindi cha leo: "Maziwa hayatoshi"

BARAKA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunazungumzia namna watoto wachanga wanavyolishwa. Dada Zuhura, wewe ni mkunga. Kauli gani unaisikia kuliko zote wodini?

ZUHURA: "Maziwa hayatoshi." Mama amejifungua jana, matiti bado laini, mtoto analia, na jamaa wote wameshaamua kwamba hana maziwa. Mtu anatumwa akanunue kopo la maziwa ya unga saa hiyohiyo.

BARAKA: Lakini kweli siku ya kwanza yanatoka matone tu.

ZUHURA: Na ndiyo anayoyahitaji, kaka! Tumbo la mtoto siku hiyo linatosha mililita chache mno. Kinachotoka ni dang'a, yale maziwa mazito ya njano, yenye kingamwili kwa wingi na vitamini A. Huniuma sana nikiona yanakamuliwa na kumwagwa eti ni machafu. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto awekwe titini ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa mengi yatashuka siku chache baadaye.

BARAKA: Basi hilo kopo lina ubaya gani? Mtu atakuambia ni la kuvukia siku mbili hizo tu.

ZUHURA: Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Mtoto akinyonya, mwili wa mama unatoa homoni mbili: prolaktini, inayofanya maziwa yatengenezwe, na oksitosini, inayoyasukuma yatoke. Sasa mtoto amepewa chupa, ameshiba, amelala. Titi limebaki limejaa, na titi lililojaa hupunguza kutengeneza. Wiki ikipita hivyo, maziwa yanakuwa yamepungua kweli, na wale waliosema hayatoshi wanaona walikuwa sahihi. Kumbe ni chupa iliyoyapunguza.

BARAKA: Mama atajuaje basi kwamba mtoto anashiba? Maana titi halina alama za vipimo.

ZUHURA: Atazame nepi na mzani. Baada ya siku tano hivi za mwanzo, mtoto anayeshiba hukojoa mara sita au zaidi kwa siku. Wengi hupungua uzito kidogo baada ya kuzaliwa, kisha huurudia ndani ya wiki mbili. Kilio peke yake hakitoshi kuwa ushahidi. Mtoto hulia kwa joto, kwa usingizi, kwa kutaka kupakatwa. Na kama kweli hapati, jambo la kwanza ninaloangalia ni anavyoshika titi. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kiguse titi, aingize na sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Akishika chuchu tupu, mama atachanika na mtoto hatapata kitu.

BARAKA: Na maji? Siku za joto kali watu wanamhurumia mtoto.

ZUHURA: Wasimpe, hata kwenye joto. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85. Ukimpa maji unamjazia tumbo kwa kitu kisicho na lishe, na yakiwa si safi umemletea kuhara. Yakizidi, chumvi ya damuni inashuka na anaweza kupata degedege. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama tu. Dawa aliyoandikiwa na daktari ni sawa. Na asali asionje kabla ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na bakteria wanaomlegeza misuli mpaka ya kupumulia.

BARAKA: Wapo wasioweza kunyonyesha kabisa, nao tusiwasimange.

ZUHURA: Hapana, kamwe. Maziwa ya kopo yana watu wake. Yachanganywe kwa maji yaliyochemshwa na kwa kipimo kilichoandikwa. Kuyazimua ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumwachia mtoto utapiamlo. Ninachopinga ni kumuuzia hofu mama mwenye maziwa. Mei 1981 Baraza la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo kwa umma na sampuli za bure kwa akina mama. Kura zilikuwa 118 kwa 1, na iliyopinga ilikuwa Marekani.

BARAKA: Miezi 6 ikitimia?

ZUHURA: Aanze chakula, asicheleweshwe. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inaisha, na maziwa pekee hayawezi kuifidia. Kosa linaloumiza watoto wengi ni uji mwepesi: tumbo limejaa, mwili una njaa, na udumavu unaanzia hapo. Chakula kiwe kizito, kisichomwagika ukikiinamisha kijiko. Mpe yai, nyama, samaki, ini, maharage yaliyopondwa. Mara mbili au tatu kwa siku, na akifika miezi 9, mara tatu au nne, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 au zaidi.

BARAKA: Na akiumwa, akakataa kula?

ZUHURA: Usimlazimishe, wala usimwachishe titi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe chakula kidogokidogo. Akipata nafuu, muongezee mlo kwa siku kwa muda wa wiki mbili. Ila asiponyonya kabisa, au akitapika kila anachomeza, mkimbize kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.